Akili mnemba kwenye soko la bima: anza na bima zinazoisha, tangazo lisubiri

Ofisi nyingi za bima Dar es Salaam, kuanzia kampuni zenye ghorofa zao Posta hadi wakala mwenye meza moja Kariakoo, zikiishika akili mnemba kwa mara ya kwanza huiagiza iandike tangazo. Tangazo linatoka safi, linawekwa Instagram, watu wanauliza "bei gani?", kisha wanapotea. Wakati huohuo, kwenye faili la Excel la ofisi hiyohiyo wamo wateja ambao bima zao zinaisha kesho na hakuna aliyewapigia. Hao walishawaamini, walishalipa, na namba zao mnazo. Kazi ya kwanza ya akili mnemba iwe kuwaambia kila Jumatatu asubuhi: wiki hii pigieni hawa, kwa mpangilio huu.

Faili likiwa bovu, hakuna programu itakayowasaidia. Kila mstari uwe wa bima moja, wenye jina, simu, namba ya gari, aina ya bima, ada, tarehe ya kuanza na ya kuisha, njia ya malipo, wakala aliyemleta, madai ya mwaka huo, na kama mteja aliridhia kutumiwa matangazo. Namba za simu zote ziwe za tarakimu 12 zinazoanza na 255, maana Excel hula sifuri ya mwanzo na 0754 ikabaki 754. Tarehe ni mtego mwingine: kompyuta iliyowekwa mpangilio wa Marekani inaisoma 03/04 kuwa Machi 4, na mteja wa Aprili 3 atakumbushwa mwezi mzima kabla ya wakati. Ziandikeni kwa kuanza na mwaka.

Kosa linaloumiza zaidi haliletwi na Excel. Wakala anayeogopa kunyang'anywa mteja huandika namba yake mwenyewe penye namba ya mteja. Ukichunguza faili unakuta simu moja ina magari 40. Modeli, yaani programu inayojifunza kwenye kumbukumbu zenu ili ibashiri nani ataondoka, itamchukua huyo kuwa tajiri mwaminifu asiyehitaji kukumbushwa, kumbe ni watu 40 ambao hamjawahi kuzungumza nao. Chujeni kila namba iliyojirudia zaidi ya mara tatu, mkae na wakala, mkubaliane kwa maandishi kwamba kamisheni ya kuhuisha inabaki yake. Bila makubaliano hayo hatatoa namba, na ana haki ya kusita.

Kama bima zenu hazifiki elfu mbili hivi, msifundishe modeli yoyote. Tumieni pointi. Aliyechelewa kulipa mwaka jana mpeni 3; ambaye dai lake lilivuka siku 30 bila kulipwa, 3; aliye kwenye mwaka wake wa kwanza, 2; aliyeletwa na wakala aliyeacha kazi, 2; aliyeshuka kutoka bima kubwa (inayolipa hata gari lake) kwenda bima ndogo (inayolipa hasara za wengine tu), 1. Pangeni kuanzia mwenye pointi nyingi, mpige simu. Pointi hizi ni za kuanzia. Baada ya miezi sita zirekebisheni kwa kutazama nani kweli aliondoka.

Mkiwa na maelfu ya bima na angalau miaka miwili ya kumbukumbu, hapo modeli ina maana, na modeli nyepesi ya kukadiria uwezekano inatosha. Ifundisheni kwa mwaka mmoja, mwipime kwa mwaka unaofuata. Mkichanganya miaka yote na kuigawa kwa bahati nasibu, mtapata majibu mazuri ya uongo. Ikiwaambia inapatia kwa asilimia 98, msishangilie, tafuteni kilichovuja. Mara nyingi ni safu kama "namba ya stika mpya", ambayo hujazwa pale tu mteja anapokuwa ameshahuisha. Modeli imelisoma jibu, haijabashiri chochote. Kumbukeni pia kwamba kama wateja 700 kati ya 1,000 hurudi kila mwaka, hata anayesema "wote watarudi" atapatia kwa asilimia 70. Idadi ya kupatia peke yake haisemi kitu.

Kipimo cha kweli ni hiki. Chukueni watu 100 ambao modeli inahofia wataondoka. Kwa kura, 50 wapigieni simu na 50 watumieni ujumbe wa kawaida. Baada ya mwezi hesabuni waliohuisha. Wakiwa 31 kwa 28, hiyo inaweza kuwa bahati tu, rudieni mwezi ujao. Wakiwa 38 kwa 24, simu zimefanya kazi na mna hoja ya kumpelekea mkurugenzi. Meneja anayekataa kuwaacha hao 50 bila simu "kwa sababu tutawapoteza" hatajua kamwe kama fedha ya programu ilikwenda kihalali.

Wakati wa kukumbusha: siku 30, siku 14, siku 3, na siku yenyewe. Mwenye mshahara msimsukume tarehe 15. Msubirini tarehe 25 na kuendelea kama bima yake inaruhusu. Mwenye bajaji au daladala anapokea hesabu kila siku, huyo muulizeni anataka kukumbushwa siku gani. Januari ni mwezi wa ada za shule, na ndipo mtu hufikiria kushuka kutoka bima kubwa kwenda ndogo. Mpigieni Desemba, mkiwa na hesabu mkononi. Gari la milioni 15 kwa kiwango cha asilimia 3.5 ni shilingi 525,000, na VAT ikihesabiwa kwa asilimia 18 ni 94,500; jumla 619,500. Mwambieni kiasi hicho mapema ajipange, asije akakutana nacho siku ya mwisho.

Ujumbe wenyewe

Hapa akili mnemba inasaidia kweli, ila inaharibu mahali ambapo watu hawatazami. SMS moja ina nafasi 160 kwa herufi za kawaida. Ikiingia alama moja tu isiyo miongoni mwa hizo, kikaragosi (emoji) au alama ya kunukuu iliyopinda, nafasi zinashuka hadi 70 na SMS moja inalipiwa kama mbili au tatu. Programu za kuandika hupenda alama zilizopinda, na Kiswahili kina ng' kila mahali: ng'ombe, kung'oa, kunyang'anywa. Kabla ya kutuma kwa watu 5,000, badilisheni kila alama iliyopinda iwe iliyonyooka.

Mfano unaofaa: "Habari Bi Asha, bima ndogo ya gari lako inaisha 14/06. Kuhuisha ni TSh 118,000 pamoja na VAT. Kupata namba ya malipo au kuuliza swali, piga" kisha namba ya ofisi ya tarakimu 10 na nukta. Jumla ni herufi 151. Zinabaki 9, kwa hiyo jina la kwanza lisizidi herufi 13. Likizidi, ujumbe unakuwa SMS mbili. Msiweke "jibu ujumbe huu" kama mnatuma kwa jina la kampuni, kwa sababu mtumaji wa jina hapokei majibu. Mteja ataandika NDIYO, haitafika, naye ataamini amehuisha.

Lugha isimamieni wenyewe. Mashine huleta "sera ya bima" ikimaanisha mkataba, "bima ya kina" ikimaanisha bima kubwa, na hata "chama cha tatu" kwa mtu wa tatu. Huanza na "Mpendwa mteja wetu wa thamani", salamu ambayo hakuna mtu wa Temeke anayempa mwenzake. Dawa yake ni kuipa orodha ya maneno 30 ya ofisi yenu pamoja na jumbe kumi zilizowahi kufanya kazi, na kuiamuru isitumie mengine. Bei, tarehe na masharti yasitoke kichwani mwake. Yatoke kwenye jedwali lenu, yapachikwe na programu ya kawaida. Kwenye picha, angalieni usukani. Picha nyingi za kompyuta huweka usukani kushoto na magari upande wa kulia wa barabara, na mtu wa Dar akiona hivyo anajua hamjamtengenezea yeye.

Kosa ghali kuliko yote

Tunaliweka peke yake kwa sababu linamuumiza mteja, na ofisi hulijua ikiwa imechelewa. Bima imesimama juu ya kuambiana ukweli wote: mteja asipoeleza jambo zito, dai linaweza kukataliwa. Sasa akili mnemba inasifiwa kwa kufupisha safari ya kununua. Fomu ya maswali 14 inakuwa ya maswali manne, yaliyobaki inayajaza yenyewe kwa kukisia. Gari dogo, mmiliki kijana, anaishi Sinza: mashine inaweka "matumizi binafsi". Lakini gari hilo linabeba abiria wa teksi mtandaoni tangu saa kumi na moja alfajiri. Mteja anafurahi, bei imetoka ndogo, stika ni halali na ukiitafuta kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, inaonekana. Anagonga Ubungo akiwa na abiria. Mkaguzi anagundua matumizi ya biashara, na dai linakwama.

Kwa hiyo yako maswali ambayo hayakisiwi kamwe, hata wauzaji wakilalamika kwamba wateja wanaishia njiani: gari linatumika kwa nini, nani analiendesha, linalala wapi, thamani yake imepatikanaje, lilishapata ajali gani. Kwa bima ya afya na maisha: magonjwa yaliyopo. Kila jibu mteja alibonyeze mwenyewe, kisha mfumo umrudishie muhtasari asome kabla ya kulipa, na nakala ihifadhiwe pamoja na saa na tarehe. Swali la matumizi liulizwe kwa lugha ya mtaani: "Je, gari hili linabeba abiria au mizigo kwa malipo, hata mara mojamoja?" Ukiuliza "matumizi: binafsi au biashara?" mwenye teksi mtandaoni atajibu binafsi, naye hadanganyi, gari ni lake.

Vivyo hivyo kwa mafuriko. Masika ikikaribia, mashine itawapendekezea tangazo lenye maji ya Jangwani na maneno "tunakulinda na mafuriko". Fungueni mkataba kwanza. Kwenye bima nyingine mafuriko ni nyongeza inayolipiwa, na bima ndogo hailipi kabisa gari la mteja mwenyewe.

Roboti ya WhatsApp

Mteja akiwaandikia, mna saa 24 za kumjibu kwa uhuru kupitia mfumo wa WhatsApp wa biashara. Zikipita, mnaruhusiwa kutuma ujumbe wa kiolezo tu, yaani uliotungwa mapema na kuidhinishwa na WhatsApp. Roboti inasaidia usiku na Jumapili, lakini ijibu kutoka kwenye mikataba yenu tu na itaje kifungu. Swali lisilo na jibu humo, pamoja na madai, kifo, ugonjwa, malalamiko na "nitalipwa kiasi gani?", liende kwa mtu mara moja. Mwaka 2024 baraza la usuluhishi la British Columbia, Kanada, liliamua kwamba Air Canada inawajibika kwa maelezo potofu ambayo roboti ya tovuti yake ilimpa abiria kuhusu nauli ya msiba. Kampuni ilijitetea kwamba roboti inajibebea maneno yake, na utetezi huo ukatupwa.

Ijaribuni kwa jumbe 100 halisi mkiwa mmefuta majina. Humo mtakuta "gar ang inaixha lin", ujumbe wa sauti uliorekodiwa stendi, picha ya kadi ya gari iliyokunjwa. Roboti iliyofaulu kwa Kiswahili cha vitabuni inaanguka hapo. Ikishindwa kuelewa mara mbili mfululizo, impe mteja mtu, na mtu huyo aanze na salamu. Mama wa miaka 60 apate shikamoo yake kabla ya kuulizwa namba ya gari.

Kuhusu sheria hatutarefusha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na ina Tume yake. Kubandika orodha ya wateja kwenye programu ya bure ya mtandaoni mara nyingi ni kuzipeleka taarifa zao nje ya nchi, na hilo lina masharti. Ondoeni majina na simu, wekeni alama kama M001, na ufunguo, yaani orodha inayoonyesha M001 ni nani, ubaki ofisini. Taarifa za afya msizipeleke kabisa. Mteja akisema hataki matangazo, afutwe kwenye orodha zote za matangazo, ikiwemo ya wakala.

Tahadhari na safu ya mtaa anakoishi mteja. Modeli ikijifunza kwamba Masaki wananunua bima kubwa na Mbagala ndogo, itaacha kuwaonyesha watu wa Mbagala bima kubwa, na mwaka ujao takwimu zitaithibitishia kwamba ilikuwa sahihi. Umoja wa Ulaya, kwenye sheria yake ya akili mnemba ya 2024, umeweka upimaji wa hatari na upangaji wa bei za bima ya maisha na afya kwenye kundi la matumizi yenye hatari kubwa. Kila mwezi mtu akague ni mitaa gani haikupewa ofa yoyote, na kwa nini.

Matapeli nao wanatumia mashine hizihizi. Zamani SMS ya utapeli ilijulikana kwa Kiswahili chake kibovu. Sasa inaandikwa vizuri kuliko yenu. Tumeni kutoka jina moja tu mwaka mzima, na kila ujumbe wa malipo utaje jina litakalojitokeza kwenye simu kabla mteja hajaweka namba ya siri. Baada ya kulipa, mwelekezeni aingize namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA ahakiki stika yake. Asipoiona, awapigie siku hiyohiyo, kabla hajaliingiza gari barabarani.