Eksileta ya Baiskeli ya Umeme: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Habari mafundi. Baiskeli yangu ni ya umeme, volti 48, yenye eksileta ya kusokota mkono wa kulia. Nikiwasha, skrini inawaka na betri inaonyesha imejaa, lakini nikisokota eksileta haiendi. Nikikanyaga pedali, mota inasaidia kama kawaida. Fundi wa hapa mtaani anasema kontrola (kisanduku kinachoongoza umeme wa betri kwenda kwenye mota) imeungua, nitafute nyingine. Nikubali?
*Msomaji, Tanga*

Usikubali kwanza, kwa sababu dalili ulizoeleza zinaitetea kontrola. Mota ikisaidia pedali, maana yake betri inatoa umeme, kontrola inausukuma, na nyaya nene za mota ni nzima. Hata swichi za breki hazina kosa, maana breki ikikwama hukata vyote viwili, pedali na eksileta. Kwa hiyo ugonjwa uko kati ya kiganja chako na kontrola, kwenye waya mwembamba wa eksileta, au kwenye mipangilio ya skrini.

Anza na mipangilio, haigharimu kitu. Skrini nyingi huzima eksileta ngazi ya usaidizi ikiwa sifuri. Panda hadi 1 ujaribu tena. Nyingine zina kipengele kinachotaka uanze kukanyaga ndipo eksileta ikubali. Angalia pia namba ya hitilafu. Kwenye mifumo ya Bafang, kampuni ya mota za baiskeli, 04 ni eksileta ambayo haikurudi mahali pake, na 05 ni hitilafu ya eksileta yenyewe. Kampuni nyingine zina namba zao, kwa hiyo fuata kijitabu cha skrini yako.

Kama mipangilio iko sawa, shika mita. Eksileta hii haivuti kebo ya chuma kama ya pikipiki ya petroli. Ndani yake kuna sumaku ndogo iliyopinda na sensa ya hall, yaani inayohisi usumaku, yenye miguu mitatu. Kontrola huipa sensa volti 5 (nyingine hutoa 4.3 tu) kwa waya mbili, kwa kawaida mwekundu na mweusi, na sensa hurudisha volti kwa waya wa tatu, ambao mara nyingi ni wa kijani au mweupe. Ukiwa hujaigusa, waya huo husoma takriban 0.8 hadi 1. Ukisokota hadi mwisho hufika kati ya 3.6 na 4.2. Haushuki hadi sifuri wala haufiki 5, na kontrola iliyotengenezwa vizuri huutumia ukweli huo: ikiona sifuri au 5 kamili, inajua kuna waya uliokatika na inakataa kuondoka.

Inua gurudumu lenye mota lisiguse chini. Hili si la hiari, kwa sababu sindano za kupimia zikigusana kwa bahati mbaya, mota inaweza kuzunguka kwa kasi yote. Weka mita kwenye DC 20V. Acha soketi ya eksileta ikiwa imeunganishwa, kisha ingiza sindano nyembamba kwa nyuma ya soketi, pale waya unapoingilia. Ncha nyeusi ya mita iwe kwenye waya mweusi muda wote.

Pima mwekundu kwanza. Ukipata 4.3 hadi 5, umeme unafika. Ukipata sifuri, zima, chomoa eksileta, washa tena na upime upande wa kontrola. Volti 5 zikirudi, eksileta ina shoti ndani. Zisiporudi, waya mwekundu au mweusi umekatika njiani, kwa sababu sensa ya pedali kwa kawaida hula kwenye laini hiyohiyo ya volti 5, na yako inafanya kazi. (Kwa mwenye baiskeli iliyokufa kabisa, pedali na eksileta: sensa yoyote yenye shoti huiangusha laini nzima. Chomoa moja moja, ya pedali, za breki, ya mota, ukizima kila mara kabla ya kuchomoa, mpaka volti 5 zirudi. Uliyoichomoa mwisho ndiyo mbovu.)

Kisha pima waya wa tatu huku ukisokota polepole. Ukibaki kwenye sifuri ilhali mwekundu una volti 5, sensa imekufa au waya umekatika ndani ya mpini. Ukipanda vizuri kutoka 0.8 hadi 4 na baiskeli bado haiendi, eksileta ni nzima. Pengine ishara inapotelea kati ya soketi na kontrola.

Na kwa kuwa uko Tanga, ifungue soketi uitazame kabla ya kushika mita. Hewa ya chumvi hufanya pini za shaba ziote ukungu wa kijani, na ukungu kidogo tu unatosha kuzuia volti ndogo kama hizi. Safisha kwa spiriti na mswaki laini, acha ikauke kabisa, paka grisi ya silikoni kidogo, unganisha. Pini iliyolegea ibane kwa koleo dogo.

Fundi, naendesha bodaboda ya umeme. Juzi nimesimama kwenye taa nikaachia eksileta, pikipiki ikasukuma mbele yenyewe. Nikazima ufunguo, nilipowasha tena ikawa sawa. Naogopa.
*Dereva, Mombasa*

Una haki ya kuogopa, ndugu. Usibebe abiria mpaka ijulikane ni nini. Ikitokea tena, shika breki zote mbili na uzime ufunguo palepale. Kwenye pikipiki nyingi swichi za breki hukata mota, lakini ya kwako hakikisha kwa kuijaribu gurudumu likiwa juu.

Kisababishi tunachokishuku kuliko vyote ni waya mweusi. Waya mwekundu ukikatika, eksileta hufa na unasimama. Waya wa ishara ukikatika, kwa kawaida pia unasimama. Lakini mweusi ukikatika, sensa hukosa pa kurudishia umeme na volti ya ishara hupanda kuelekea 5, jambo ambalo kontrola isiyo na kinga hulisoma kama umesokota hadi mwisho. Waya huo mara nyingi hukatikia kwenye shingo ya usukani, mahali unapokunjwa kila unapogeuka, na ganda la nje linaweza kuonekana zima kabisa. Toa betri, chomoa eksileta na uifungue kifuniko. Weka mita kwenye omu, ncha moja kwenye mguu wa sensa unaopokea waya mweusi, nyingine kwenye pini ya soketi, kisha zungusha usukani kushoto na kulia huku ukiutikisa waya. Isome chini ya omu 1 bila kurukaruka. Ikiruka hata mara moja, umempata mwizi. Rudia upande wa kontrola.

Kisababishi cha pili ni sumaku iliyobanduka kwenye gundi yake. Sensa isiyo na sumaku karibu hutoa karibu nusu ya volti inayopewa, yaani kama 2.5, na kwa kontrola hiyo ni nusu ya mwendo. Hii inafanana na hadithi yako, kwa sababu kontrola nyingi hukataa kuondoka zikiwashwa huku ishara iko juu, na sumaku inayocheza inaweza kurudi mahali pake kwa mtikisiko.

Tatu ni mambo ya chuma na mpira: springi iliyochoka, mchanga ndani ya mpini, au mpini unaokwaruza kitu cha pembeni. Sokota hadi mwisho na uachie ghafla. Lazima urudi wenyewe kwa mlio mkavu, usukani ukiwa umenyooka, umekata kushoto na umekata kulia.

Kama pikipiki ni ya mkopo au ya mfumo wa kubadilisha betri, ipeleke kwa wenyewe kabla hujafungua chochote, usije ukapoteza dhamana. Na tabia moja ya kuacha leo hii: kuisukuma pikipiki kwa mkono ufunguo ukiwa umewashwa. Mkono wa kulia hujikuta umesokota.

Kwenye mlima nikisokota hadi mwisho inazima yote. Nikiachia na kuwasha, inaendelea. Tambarare haina shida. Eksileta ya kubadilisha ni ya aina gani?
*Msomaji, Kigali*

Usibadilishe eksileta. Mlimani mota hunywa umeme mwingi, volti ya betri hushuka, na kontrola au betri yenyewe hukata ili kulinda seli. Betri ya lithiamu ya volti 48 yenye seli 13 mfululizo hujaa kwenye 54.6, na kontrola nyingi hukata mahali fulani kati ya 39 na 42. Tazama volti kwenye skrini unapopanda. Ikianguka kutoka 50 hadi 41 kwa sekunde chache, betri imechoka au kuna soketi nene iliyoungua. Iguse ukifika juu. Soketi yenye moto mkali ndiyo inayokula volti zako.

Nimenunua eksileta mpya, ya zamani ilikuwa na nyaya tatu, hii ina sita na rangi hazilingani. Niunge rangi kwa rangi?
*Msomaji, Nakuru*

La, hata kidogo! Rangi za nyaya hazina sheria, kila kiwanda kina zake. Nyaya tatu za ziada mara nyingi ni za taa ya kuonyesha betri na swichi ya ufunguo, na hizo zinaweza kubeba volti zote za betri. Waya mmoja wa namna hiyo ukigusa pini ya ishara, kontrola inaweza kufa papo hapo.

Fungua kifuniko cha eksileta (skrubu mbili au tatu ndogo) utazame sensa. Ukiutazama uso wenye maandishi, miguu ikielekea chini, sensa ya 49E (namba ya aina ya sensa) ina mguu wa kushoto wa volti 5, wa kati ni hasi, wa kulia ni ishara. Fuata rangi zilizochomelewa kwenye miguu hiyo uziandike. Zile nyingine, kama hutaki taa wala ufunguo, zifunike kila moja peke yake kwa tepu.

Kisha ijaribu mezani. Kata kebo kuukuu ya chaji ya simu ya USB: kwa kawaida waya wake mwekundu ni volti 5 na mweusi ni hasi, lakini pima kwanza. Ipe eksileta umeme huo na upime waya wa ishara: 0.8 hadi 1 ikitulia, kupanda bila kuruka, 3.6 au zaidi mwishoni. Eksileta mpya inayofeli mezani irudishe dukani siku hiyohiyo. Upande wa kontrola nao utambue kwa mita, usiamini rangi.

Wakati wa kufunga, toa betri na ubonyeze swichi ya kuwasha ili kapasita za kontrola zimalize chaji. Usukani mwingi una kipenyo cha milimita 22.2 pale mpini unapokaa. Pima wako kabla ya kununua. Mpini wa mpira unaogoma kutoka, upenyezee spiriti kidogo chini yake kwa bisibisi butu. Ingiza eksileta mpya, acha nafasi ya milimita 2 kati yake na mpini usiozunguka, kisha kaza skrubu ya alen kiasi cha kuishika tu. Ukikaza kupita kiasi, plastiki hupasuka.

Kama soketi hazifanani, unga kwa lehemu. Kata nyaya kwa urefu tofauti, kila kiungio kipishane na mwenzake kwa sentimita 2, ili tepu ikilegea zisigusane. Vaa kila kiungio mpira unaonywea kwa joto. Kusokota nyaya na kufunga tepu hakufai hapa. Mtikisiko utazilegeza na utaandika barua ya yule dereva wa Mombasa. Acha waya ulegee kidogo shingoni na ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondoke badala ya kuingia.

Jaribu gurudumu likiwa juu, breki zikate mota, usukani ukate pande zote, ndipo upande.

Baiskeli yangu ya mtumba kutoka Ujerumani, eksileta inaenda pole kama mtu anayetembea, basi. Sensa imechoka?
*Msomaji, Unguja*

Pengine ni nzima kabisa. Kwa sheria za Umoja wa Ulaya, baiskeli ya kawaida ya umeme husaidia hadi kilomita 25 kwa saa ukikanyaga, na bila kukanyaga hadi kilomita 6 tu. Kikomo hicho kimewekwa kwenye programu ya kontrola. Eksileta mpya haitakibadilisha.

Mimi ni mwanafunzi wa ufundi. Naweza kubadilisha sensa tu badala ya eksileta nzima?
*Msomaji, Dodoma*

Unaweza, na ni kazi nzuri kama plastiki na springi ni nzima. Omba dukani sensa ya 49E. Usikubali 41F, ingawa zinafanana kwa umbo na ndizo zilizomo ndani ya mota nyingi. Ile ya 41F ni swichi, inajua kuwaka na kuzima tu. Ukiiweka kwenye eksileta utapata sifuri kisha mwendo wote kwa mpigo.

Kabla ya kuchomoa ya zamani, piga picha uone uso wenye maandishi unatazama wapi. Kata miguu ya mpya iwe na urefu uleule, lehemu kila mguu kwa sekunde mbili tatu tu, kwa sababu joto likizidi huiua sensa, na uivishe kila mguu ganda lake. Irudishe kwenye kitanda chake hadi chini; ikiinuka kidogo itasuguliwa na sumaku. Rudia jaribio la mezani kwa kebo ya chaji. Ikisoma karibu 4 ikiwa imetulia na kushuka unaposokota, sensa imekaa kinyume. Igeuze, ubadilishane nyaya za miguu ya pembeni maana nayo imehama, kisha pima upya kabla ya kuiunganisha na kontrola.