Jibu: Je, kampuni inayojali mazingira hupata faida zaidi?

Dada, umeuliza kama tasnifu yako ya uzamili inaweza kuthibitisha kwamba kampuni zinazojali mazingira na wafanyakazi hupata faida zaidi, ukitumia kampuni za Soko la Hisa la Dar es Salaam. Uhusiano unaweza kuuonyesha. Kuthibitisha chanzo ndiko kugumu.

Mwaka 2015 watafiti Friede, Busch na Bassen walikusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 2,000. Takribani asilimia 90 hazikukuta uhusiano hasi, yaani kujali hakukuonekana kwenda na faida ndogo. Inatia moyo, lakini kampuni inafaidika kwa sababu inajali, au inajali kwa sababu tayari ina fedha? Hapo ndipo watahini watakubana. Eccles na wenzake (2014) walilinganisha kampuni 180 za Marekani, nusu zikiwa na sera za kujali mazingira na wafanyakazi tangu mapema, wakazifuatilia miaka 18. Wewe huna muda huo, na soko letu lina kampuni chache, baadhi zikiwa za Kenya zilizoorodheshwa pia hapa.

Kwa hiyo achana na regresheni, ile hesabu ya takwimu ya kupima uhusiano, maana inahitaji kampuni nyingi. Chukua viwanda vitatu uvichimbe, na usiishie kwenye ripoti ya mwaka. Mimi kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere kilinipa ripoti yenye picha za miche ya miti, kurasa mbili nzima. Mhasibu ndiye aliyenifungulia faili la bili za maji na umeme, za miezi 24, zimebanwa kwa pini. Walikuwa wamebadili mota na kuziba mabomba yaliyovuja, na ripoti haikutaja hata neno! Omba hizo bili, dada. Na barua ya chuo ipeleke mwenyewe kwa mkono.