Kabla ya Kuuza Filta: Kwa Fundi Mgeni wa Kazi ya Maji

Ukiitwa kwenye nyumba ukaambiwa "maji yetu mabaya", acha mkoba wa vifaa chini uulize kwanza. Ni bomba lipi? Maji ya moto, ya baridi, au yote? Ni asubuhi tu au kutwa nzima? Likisumbua bomba moja, usihangaike na chanzo. Yakisumbua yote, panda ukachungulie tangi.

Chukua harufu ya mayai viza. Mwenye nyumba atakuapia kwamba kisima kimeoza. Wewe kinga maji kwenye glasi, toka nayo mpaka nje, ndipo unuse. Harufu ikipotea, ilikuwa ya tundu la sinki. Ikibaki, linganisha ya moto na ya baridi. Yakinuka ya moto peke yake, mshukiwa ni hita, lile tangi la kupasha maji moto: ndani mna fimbo ya magnesi iliyowekwa ili iliwe na kutu badala ya tangi, na kuna bakteria wanaogeuza salfeti, aina ya chumvi iliyomo majini, kuwa gesi yenye harufu hiyo, fimbo ikiwachochea. Mara nyingi dawa yake ni kusafisha hita na kuweka fimbo ya alumini na zinki. Kuna watu wameuziwa mtambo mzima wa kuchuja kwa sababu ya kifimbo hicho, jambo ambalo mimi naliita wizi.

Kwenye rangi, tumia ndoo. Maji yakitoka maangavu kisha yakawa ya kahawia baada ya kukaa, yana chuma kilichoyeyuka, na hewa ndiyo iliyokigeuza. Yakitoka mekundu tangu mwanzo, hiyo ni kutu iliyokwisha kuwa chembechembe. Filta ya kawaida huzinasa chembe; chuma kilichoyeyuka kitaipita kama haipo. Madoa meusi aghalabu ni madini ya manganizi. Ya kijani-buluu ni bomba la shaba linaloliwa, mara nyingi na maji yenye asidi. Weupe unaotoweka kwenye glasi kuanzia chini kwenda juu ni viputo vya hewa, usiuze kitu hapo.

Sasa yale yasiyoonekana. Vimelea vya kinyesi, madini ya risasi, na chumvichumvi za naitreti na floridi, vyote vinaweza kukaa kwenye maji maangavu kabisa, bila harufu. Shirika la Afya Duniani linataka bakteria wa E. koli, ambao ni dalili ya kinyesi, wasionekane kabisa katika mililita 100, naitreti isizidi miligramu 50 kwa lita, na floridi 1.5. Kuchemsha huua vimelea, lakini naitreti haiondoki; maji yakipungua sufuriani, yenyewe huzidi ukali. Nyumba yenye mtoto mchanga wa maziwa ya kopo waambie hilo waziwazi. Klorini nayo hushindwa kwenye maji ya tope: chuja kwanza, tia dawa, ngoja nusu saa.

Wageni wengi huharibu sampuli. Ya vimelea, fungua kichujio cha mdomo wa bomba, safisha mdomo kwa dawa, acha maji yatiririke kidogo, kisha jaza chupa ya maabara bila kuisuuza, maana ndani imewekwa kitu cha kuzima klorini. Ipeleke ikiwa kwenye ubaridi, isivuke saa 24. Ya risasi ni kinyume chake: unakinga maji ya kwanza kabisa alfajiri, yaliyolala bombani usiku kucha, bila kumwaga hata tone. Basi mwenye nyumba umwachie chupa jioni, na umkataze mtu yeyote kufungua bomba, hata la chooni.