Faili la .web la Xara Web Designer likipotea, kushusha tovuti kutoka kwenye seva hakulirudishi

Mkuu, pole. Umesema umebadilisha kompyuta, unahamia hosti nyingine (kampuni inayokuwekea tovuti kwenye seva yake), umeshusha tovuti yote kwa FileZilla, programu ya kuhamisha faili kati ya kompyuta na seva, na sasa Xara Web Designer, programu uliyotengenezea tovuti, haikubali kufungua index.htm uendelee kuhariri. Hata ukiweka toleo jipya, mradi wako hautarudi kama ulivyokuwa, kwa hiyo usimalize bando kulitafuta.

Mradi wenyewe ni faili lenye mwisho wa .web. Humo ndimo zilimo kurasa zote, matabaka, maandishi na picha. Ukichapisha, programu inayasaga hayo yote na kutoa kitu kingine: index.htm, pamoja na folda ya index_htm_files yenye picha, CSS (faili za mpangilio na rangi) na JavaScript (faili za vitendo vya ukurasa). Kilicho kwenye seva ni unga, haurudi kuwa mahindi.

Anza na diski ya kompyuta ya zamani: andika *.web kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows. Angalia pia flashi na viambatisho vya barua pepe. Likikosekana kabisa, jenga upya. Maandishi yanakili kutoka kwenye kivinjari, picha zitoe index_htm_files. Utazikuta na majina ya namba tupu, mfano 412.jpg, na zimeshapunguzwa kutosha nafasi yake ukurasani, hivyo ukizivuta zinafifia. Kama picha halisi bado ziko kwenye simu, tumia hizo.

Kwenye hosti mpya, kinachokwamisha wengi ni hiki: kampuni huwa imeweka index.html yake ya kukaribisha wageni ndani ya public_html (folda ya seva ambayo yaliyomo huonekana mtandaoni), na seva nyingi huitanguliza kabla ya index.htm yako. Unapandisha mara tatu, huoni mabadiliko. Ifute hiyo index.html yao, kisha bonyeza Ctrl+F5 ili kivinjari kipakie ukurasa upya.

Maandishi yakitokea bila picha na mpangilio ukavurugika, basi index_htm_files haikupanda yote, au imetumbukia ndani ya folda nyingine. Inatakiwa ikae sambamba na index.htm. Majina ya faili nayo yaandike kwa herufi ndogo bila nafasi, maana kwa seva ya Linux Bei.htm na bei.htm ni kurasa mbili tofauti.

Kila ukimaliza kazi, hifadhi .web kwa jina lenye tarehe, mfano duka-2025-03-14.web, na nakala iweke nje ya kompyuta hiyo. Ukiiweka kwenye seva, iwe nje ya public_html. Ikiwa ndani, yeyote atakayebahatisha jina lake anaishusha.