Magnesiamu iko chini: je, ndiyo iliyoniletea kisukari?

Swali: Nina kisukari aina ya pili. Natumia metformin, pamoja na dawa ya presha ya kundi la thiazaidi. Kipimo cha damu kimeonyesha magnesiamu ni 0.62 mmol/L. Je, upungufu huu ndio ulionipa kisukari? Nikimeza vidonge vya magnesiamu naweza kuacha metformin?

Jibu: Metformin usiiache, ndugu yangu. Hilo kwanza.

Insulini ikishika kipokezi chake kwenye ukuta wa seli, kipokezi huwashwa kwa nishati ya ATP, na ATP haifanyi kazi hiyo mpaka ishikane na magnesiamu. Madini haya yakipungua ndani ya seli, ujumbe wa insulini hufifia na sukari hubaki kwenye damu. Lakini kuna upande ambao wengi huusahau: sukari ikizidi, figo huitoa kwa mkojo mwingi, na magnesiamu huondoka nayo. Upungufu wako basi huenda ni matokeo ya kisukari, kisha nao unakizidisha. Hiyo dawa ya presha nayo huongeza upotevu kupitia mkojo, na mimi ningeanza kuichunguza hiyo. Muulize daktari wako kama inaweza kubadilishwa.

Magnesiamu iliyo kwenye majimaji ya damu haifiki hata asilimia 1 ya yote uliyo nayo. Nyingine imo kwenye mifupa, misuli na tishu nyingine. Kwa hiyo kiwango cha damu kikishuka kama chako, huenda akiba hiyo nayo imepungua; usikipuuze.

Vidonge vinaweza kukufaa kwa sababu upungufu umethibitishwa. Kwa asiyepungukiwa faida yake kwenye sukari ni ndogo. Hata kwako havichukui nafasi ya dawa. Kabla ya kuvianza, pima kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi: figo zikiwa dhaifu, magnesiamu hurundikana, presha ikashuka na mapigo ya moyo yakapungua kasi. Vidonge vya aina ya magnesiamu oksaidi huharisha zaidi. Ukiharisha, mwambie daktari abadilishe aina au apunguze dozi.

Omba potasiamu ipimwe siku hiyohiyo. Magnesiamu ikiwa chini, figo huvujisha potasiamu, na hata ukiongezewa haipandi vizuri mpaka magnesiamu irekebishwe. Potasiamu ikipungua, kongosho nalo hutoa insulini kidogo. Ukihisi moyo unaruka mapigo au misuli inakakamaa, nenda hospitali siku hiyo, usisubiri tarehe ya kliniki.