Jeni mbili, histoni moja: kwa mnaoanza maabara

Wadogo zangu, wiki ya kwanza mtaambiwa kuwa DNA huzungushwa kwenye histoni, yaani protini za kuikunjia, kama uzi kwenye bobini ya cherehani. Ni kweli. Histoni nane, mbili mbili za aina nne, na juu yake jozi 147 za herufi za DNA. Balaa huanza pale unapodhani bobini zote ni sawa.

Mimi nilidhani hivyo, nikapoteza karibu miezi miwili.

Nilipewa H3.3, toleo mojawapo la histoni iitwayo H3. Protini yake ina amino asidi 135, na inatofautiana na matoleo ya kawaida kidogo sana: na H3.1 kwa tano tu, na H3.2 kwa nne. Lakini H3 za kawaida hutengenezwa zaidi seli inapokuwa inanakili DNA yake, ilhali H3.3 hutengenezwa wakati wote na huwekwa hata seli ikiwa haigawanyiki. Protini iitwayo HIRA huipeleka kwenye jeni zinazofanya kazi. Nyingine mbili, ATRX na DAXX, huipeleka kwenye ncha za kromosomu na kwenye kromatini (DNA pamoja na histoni zake) iliyobanwa karibu na sentromea, kiuno cha kromosomu.

Kazi yenyewe ilionekana nyepesi: chukua seli za panya (huyu mdogo wa maabara, si panya buku wa Morogoro wanaonusa mabomu), zima jeni ya H3f3a inayotengeneza H3.3, angalia kromatini inakuwaje. PCR, kipimo changu cha wingi wa RNA (nakala ya jeni inayosomwa kutengeneza protini), ikaonyesha RNA imeshuka vizuri kabisa. Nikatembea kifua mbele. Nikafanya westani bloti, kipimo cha protini yenyewe kwa kutumia kingamwili inayoinasa, na bendi ya H3.3 ikatokea pale pale, nene kama jana.

Nikailaumu kingamwili. Nikalaumu joto la Februari na umeme uliokatika usiku wakati friza limejaa sampuli. Nikaomba kingamwili nyingine, ikachukua wiki kadhaa kufika Dar, na ilipofika bendi ikawa ile ile. Siku hiyo dada mmoja aliyenitangulia alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai (ndani haingii na chai, na ninyi msithubutu), akaitazama picha yangu kwa mbali.

"H3f3b nayo umeizima?"

"Hapana dada, sisi tunafanya H3f3a."

"Basi umefunga bomba moja, ndoo inajaa kwa la pili."

Panya ana jeni mbili za H3.3. H3f3a iko kromosomu ya 1, H3f3b kromosomu ya 11. RNA zake hazifanani, ila protini ni ile ile, amino asidi kwa amino asidi. Kipimo changu cha RNA kilitazama bomba moja, kingamwili ikatazama ndoo, na vyote viwili vilisema kweli. Ukiziondoa jeni zote mbili, kiinitete hufa mapema. Halafu histoni iliyokwisha kukaa kwenye kromatini haiondoki kwa sababu RNA yake imepungua leo, kwa hiyo hata ungezima zote ungehitaji kusubiri.

Lakini msikariri kwamba jeni moja haina uzito kwa kuwa ipo ya pili. Mwaka 2012 ilionyeshwa kwamba kwenye baadhi ya uvimbe wa ubongo wa watoto, H3F3A ya binadamu imebadilika mahali pamoja tu: kwenye protini yake, amino asidi ya 27, lisini, imekuwa methionini. Jeni ya pili haiokoi kitu hapo. Kufunga bomba ni jambo moja, kutia sumu kwenye bomba ni jambo jingine.

Sasa mitego ya mezani. RNA za H3.1 na H3.2 hazina mkia wa A nyingi, za H3.3 zinao. Ukitengeneza cDNA (DNA inayonakiliwa kutoka RNA) kwa praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili) zinazoshika mkia huo, H3.3 itaonekana imetawala seli nzima, kumbe wenzake umewaacha kwenye tyubu. Tumia praima za kubahatisha, zinazoshika popote. Pia H3.3 ina jeni bandia (nakala za jeni zisizofanya kazi) zilizotapakaa kwenye jenomu, nyingi hazina introni (vipande vya jeni vinavyokatwa RNA inapokamilishwa), kwa hiyo ile hila ya kuvusha praima juu ya introni haikulindi na DNA iliyobaki. Tibu RNA kwa DNase, kimeng'enya kinachokata DNA, na kila mara endesha kisima kimoja (tundu la sahani ya PCR) kisicho na kimeng'enya cha kutengeneza cDNA. Kikitoa ishara, simama hapo hapo. Najua kinakula vitendanishi vya bei mbaya. Weka tu.

Na mkifika kwenye hadubini: kiini cha seli ya panya kikitiwa DAPI, rangi inayong'aa ikishika DNA, kina madoa yanayong'aa sana, ambayo kiini cha binadamu hakina kwa kiasi hicho. Ni DNA ya karibu na sentromea, imejaa A na T ambazo DAPI inazipenda, na ni mojawapo ya mahali ATRX na DAXX wanapoweka H3.3. Mwaka jana kijana mmoja alifuta lenzi mara nne, akabadilisha slaidi, akaja kuniita akisema hadubini imeingia ukungu.