Goli tatu za tamasha si ubingwa, ila kuna vitu vinaonekana

Mkuu mleta mada, nimekusoma. Timu yako imeshinda goli tatu bila siku ya tamasha lake la kufungua msimu, ya watani wako imefungwa, na kijiweni mmeshaanza kugawana ubingwa. Unauliza kama mechi hizi za kabla ya msimu zina maana yoyote au ni kelele tu, na kama uzitumie kuweka mkeka wa kubeti. Hukutaja timu, na wala sihitaji kuijua. Matokeo yenyewe hayakwambii karibu chochote. Kinachochezwa ndani ya zile dakika tisini kinakwambia mengi, ukijua pa kuangalia.

Tuanze na matokeo ili tuyamalize. Agosti 2021 Yanga walifungwa 2-1 na Zanaco ya Zambia kwenye Wiki ya Mwananchi, tamasha lao la kabla ya msimu, Uwanja wa Mkapa, mbele ya watu wao. Msimu ule ule wakabeba ubingwa bila kupoteza hata mechi moja ya ligi, baada ya Simba kuutawala kwa miaka minne mfululizo. Agosti 2022 wakafungwa tena siku yao, 2-0, safari hii na Vipers ya Uganda. Siku mbili mbele Simba akaipiga St George ya Ethiopia 2-0 kwenye Simba Day, tamasha la kwao, na mtaani Mnyama (Simba) akakabidhiwa kombe kabla ligi haijaanza. Wiki haijaisha, Ngao ya Jamii, kombe la kufungua msimu, ikapigwa: Yanga 2, Simba 1, Mayele wa Yanga kafunga na kutetema mara mbili. Septemba kocha wa Simba, Zoran Maki, akaondoka. Yanga walimaliza msimu huo na ligi, na Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani, na fainali ya Shirikisho Afrika juu yake.

(Kwa wanaopenda vichekesho vya mpira wetu: kocha aliyekaa benchi la Vipers siku ile ni Robertinho. Januari 2023 alikuwa Msimbazi, anaifundisha Simba.)

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Simba na Power Dynamos ya Zambia, kwa sababu ni timu zile zile mbili ndani ya miezi isiyofika miwili. Agosti 6, 2023, Simba Day, Power Dynamos wakaja kama wageni waalikwa, wakafungwa 2-0, watu wakaimba, wakarudi nyumbani. Ligi ya Mabingwa Afrika ikawakutanisha tena. Septemba, kule Ndola, ikawa 2-2 na Chama ndiye aliyeiokoa Simba kwa magoli yote mawili. Marudiano Chamazi, 1-1. Simba akapita kwa faida ya magoli ya ugenini, mashabiki wameshika vichwa.

Nini kilibadilika? Agosti Wazambia walikuwa kwenye sherehe ya mtu. Mgeni wa tamasha hakai nyuma kulinda sare, hapotezi muda, hamchezei rafu kiungo wako ili akasirike. Anacheza wazi maana na yeye ana wachezaji wake anaotaka kuwaona. Septemba walikuja kutafuta nafasi ya makundi, na sasa walikuwa wamekaa dakika tisini uwanja mmoja na Simba, wanajua nani mzito kugeuka. Kwa hiyo kila mkishinda mechi ya tamasha jiulize kwanza: huyu mgeni alikuwa na sababu gani ya kutukaba?

Sasa nihamie kwenye niliyoyaona mwenyewe. Nimekaa misimu kadhaa kwenye benchi la timu moja ya madaraja ya chini, kama msaidizi wa msaidizi. Kazi zangu zilikuwa kupanga koni, kugawa vizibao na kurekodi mechi kwa simu nikiwa juu ya ngazi. Kambi tuliweka Morogoro. Asubuhi vijana walipandishwa mlima mpaka wengine wanatapika, mchana walilala, jioni wanapelekwa kucheza mechi ya kirafiki na miguu ile ile. Shabiki anayefika saa kumi jioni na karanga zake haujui ule mlima. Anaona winga amepitwa na mtoto wa chuo, anahitimisha kwamba tumesajili galasa.

Kuna jioni moja tulicheza na timu ya mtaani, mchanganyiko wa wanachuo na vijana wa bodaboda. Kabla ya mechi kocha alimwambia kipa: marufuku kupiga mpira mrefu, hata ukibanwa na watu watatu. Beki wa kulia akaambiwa asivuke mstari wa kati. Mabeki wakapasiana, wakanyang'anywa, tukafungwa. Wakanyang'anywa tena, tukafungwa tena. Watu nyuma ya goli wakawa wanatupigia mayowe, "Piga mbele, we!" na mmoja akataka kujua nani aliyeruhusu timu hii itoke kambini. Kocha wala hakuyasikia. Alikuwa na karatasi, anaweka alama kila mpira ulipotoka kwa kipa ukavuka katikati ya uwanja kwa chini chini bila kupotea. Alama zilikuwa nyingi kipindi cha pili kuliko cha kwanza. Kwenye basi alikuwa na furaha kuliko siku tuliyoshinda nne.

Kambini hapo hapo alikuwepo mshambuliaji wa majaribio. Akafunga mechi tatu mfululizo, viongozi wakaja mbio na kalamu. Mimi nilikuwa na video. Magoli yake karibu yote yalikuja mwisho wa mechi, wakati upande wa pili mabeki wote wameshatolewa na uwanjani wamejaa vijana wa majaribio kama yeye, ambao walikuwa hawajawahi hata kufundishwa pamoja mstari wa kuotea. Akasajiliwa. Ligi ilipoanza akakutana na mabeki wa kweli, mpaka Januari tulikuwa bado tunasubiri goli lake la kwanza. Kwa hiyo ukiambiwa "fulani kafunga mbili kwenye mechi za maandalizi", uliza dakika ya ngapi na nani alikuwa anamkaba. Swali hilo peke yake linafuta nusu ya mastaa wa Agosti.

Haya, mimi naangalia nini.

Kwanza kabisa, nani anaanza na nani. Kocha anaweza kuficha mambo mengi, lakini hawezi kuficha mabeki wake wawili wa kati na namba sita (kiungo mkabaji), kwa sababu hao wanahitaji kuzoeana na muda ndio huu. Wakianza wale wale watatu kipindi cha kwanza cha mechi tatu mfululizo, umeshaujua uti wa mgongo wa timu. Ukiona kila mechi wanabadilishwa na wiki mbili zimebaki ligi ianze, ama kuna majeruhi hamjaambiwa, ama kocha hajaridhika na usajili na simu bado zinapigwa.

Pili, zile sekunde chache baada ya kupoteza mpira. Hapa ndipo macho yangu yanakaa muda mwingi. Mwaka 2023 Yanga walikuwa na kocha mpya, Gamondi, na Wiki ya Mwananchi wakaifunga Kaizer Chiefs ya Afrika Kusini 1-0. Goli moja tu, wengi wakaondoka wanalalamika. Mimi niliyekuwa jukwaani niliona kitu kingine: Yanga akipoteza mpira, watu wanne watano wanaufuata kwa pamoja kabla mpinzani hajainua kichwa. Hilo halitokei kwa bahati, limefundishwa. Ligi ikaanza, KMC wakala tano, JKT Tanzania wakala tano. Hakuna aliyezitabiri tano zile kwa kuangalia ile 1-0, ila ule ukabaji ulikuwa wazi kwa yeyote aliyeacha kufuata mpira kwa macho.

Upande wa pili, Simba walibeba Ngao ya Jamii Agosti 2023 pale Mkwakwani, Tanga. Kombe ni kombe, sisemi kitu. Lakini kumbuka walivyolibeba: 0-0 na Singida Fountain Gate, penalti; 0-0 na Yanga, penalti. Mechi mbili, dakika 180, hakuna goli hata moja, na shujaa ni kipa, Ally Salim. Sherehe zilifunika hilo. Novemba 5 Yanga 5, Simba 1, Robertinho akaondoka, na msimu ukaisha Simba wa tatu nyuma ya Azam kwa tofauti ya magoli. Siwezi kusema tano zile zilionekana Tanga. Ugumu wa kufunga ulionekana.

Kuhusu pumzi, kuwa mwangalifu. Timu kuchoka dakika ya sitini mwezi wa Julai ni kawaida, na mara nyingine ndiyo inavyotakiwa. Ninachoangalia ni kama wakichoka wanachoka pamoja. Mabeki wakirudi nyuma huku washambuliaji wamebaki juu, katikati panafunguka uwanja mzima, na hiyo si pumzi tena, ni mpangilio.

Ulaya hadithi ni hiyo hiyo. Mwaka 2014 Manchester United ya Van Gaal ilizunguka Marekani bila kufungwa, ikaipiga LA Galaxy 7-0, ikaifunga Real Madrid 3-1 mbele ya watu zaidi ya laki moja kule Michigan. Mechi ya kwanza ya ligi, Old Trafford, Swansea wakashinda 2-1, na kabla Agosti haijaisha MK Dons wakawafunga 4-0 kwenye Kombe la Ligi. Liverpool 2019 walifungwa na Dortmund, na Sevilla, wakapigwa 3-0 na Napoli, halafu wakabeba ligi kwa pointi 99. Hata ule mpira wao wa Marekani wa kushika mkononi: Detroit Lions mwaka 2008 walishinda mechi zote nne za maandalizi, msimu wakapoteza zote 16. Cleveland Browns wakarudia maajabu hayo hayo mwaka 2017.

Kuna mdau hapo juu ameniwahi na ile 4-0 ya Yanga dhidi ya Kaizer Chiefs pale Bloemfontein, Julai 2024, akisema ile ilionyesha ukweli. Nusu nakubali. Chiefs ya kocha Nabi ilikuwa changa, nyuma pako wazi, na ligi walimaliza wa tisa. Ila Mei 2025 hao hao waliifunga Orlando Pirates 2-1 na kubeba Nedbank Cup, kombe lao la kwanza kwa miaka kumi. Na Yanga waliopiga nne? Ubingwa wa bara walichukua, lakini Gamondi hakufika Desemba na makundi ya Ligi ya Mabingwa hawakuvuka. Mechi ya Julai haijui kocha atagombana na nani Novemba.

Sasa swali lako la mwisho, kuhusu mkeka. Mimi raundi tatu za kwanza siweki hela. Ukiwa lazima uweke, achana na goli tatu za tamasha, katafute marudio ya mechi zenu za kambini zilizorushwa bila shamrashamra, hata kama picha ni mbovu, uangalie kipindi cha kwanza tu. Halafu uje utuambie hapa nani alicheza namba sita, maana mpaka sasa umetutajia wafungaji peke yao.